Waliokuwa Wakingoja Mlangoni: Kuwatambua Walio Tayari Kuwa Wanafunzi



Mada iliyowekwa mbele ya adhimisho hili ni namna ya kuwatambua watu walio tayari kuwa wanafunzi wa Kristo. Mara nyingi jambo hili huhesabiwa kuwa kipaji cha mhubiri. Historia ya Uinjili katika Buhaya inafundisha vingine.

Wamisionari wa Bethel, akiwamo Ernst Johanssen, walianza kazi Bukoba mwaka 1910. Kabla yao walikuwapo Wahaya waliokwisha kulisikia Neno kutoka Buganda, ambako Waanglikana walikuwa wamefika mwaka 1877, na ambako Biblia nzima ilipatikana kwa Kiganda tangu mwaka 1896. Huko Wakristo waliitwa wasomaji, kwa maana kuamini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Nao Wahaya hao wakasoma na kufundishana, bila mchungaji wao wenyewe. Miongoni mwao anakumbukwa Andrea Kajerero. Basi mmisionari hakuwasha moto penye giza tupu. Alikuta makaa chini ya majivu. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, ni waumini wenyeji waliobaki kulilinda kundi.

Watu wa namna hiyo hutambulikanaje? Maandiko yanaonyesha alama tatu.

Ya kwanza ni swali. Towashi wa Kushi alikuwa akisoma garini kabla Filipo hajamkaribia, naye hakuona haya kukiri kwamba alihitaji mtu wa kumwongoza. Anayeuliza ameanza safari, hata kama swali lake lina ukali.

Ya pili ni mlango ulio wazi. Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, alipobatizwa kule Filipi aliwasihi mitume wakae nyumbani mwake. Kornelio naye aliwakusanya jamaa na rafiki zake kabla Petro hajaingia. Mtu aliyeguswa na Neno halili peke yake.

Ya tatu ni kudumu. Mbegu iliyoanguka penye mwamba iliota upesi kuliko zote, kisha ikanyauka. Yule kijana tajiri alikuja mbio na akapiga magoti, lakini alipoambiwa gharama aliondoka kwa huzuni. Kwa hiyo machozi ya siku moja na makofi ya mkutano wa Injili havitoshi kuwa kipimo. Hutazamwa kama mtu yuko palepale baada ya mavuno mawili, wakati ndugu zake wamemcheka na karamu zimemkosa.

Hata hivyo alama si hukumu. Sauli wa Tarso hakuwa na hata moja ya alama hizi machoni pa watu. Anania wa Dameski alikuwa na sababu ya kumwogopa, akaenda kwa kutii tu. Mpanzi katika mfano wa Bwana hakuchagua udongo kabla ya kutupa mbegu; alipanda kote. Kutambua ni kazi ya baada ya kupanda: kujua pa kurudi, pa kupalilia, na pa kuketi kwa muda mrefu.

Hapa ndipo lilipo jaribu la usharika unaoingia karne ya pili. Vitabu vya usharika vina majina ya waliobatizwa, waliopata Kipaimara na waliofunga ndoa. Havina jina la kijana wa bodaboda anayesimama nje ya dirisha kwaya ikifanya mazoezi, wala la binti wa kazi anayeuliza maana ya mahubiri akiwa jikoni, wala la mzee ambaye hajabatizwa lakini hakosi ibada ya jumuiya. Kanisa lililozoea kuhesabu walioketi laweza kuwapita waliosimama mlangoni.

Mzee wa kanisa anayetembelea mtaa wake na aanze kwa kusikiliza. Mwinjilisti naye ahesabu maswali aliyoulizwa kabla ya kuhesabu mahubiri aliyotoa. Wasomaji wale wa kwanza walipata mtu wa kuketi nao. Wanaongoja leo wanastahili hayo hayo, wala wasiachwe kungoja hadi yubile nyingine.

Bwana wa mavuno aujalie usharika huu macho ya kuona. Amina.