Nani Anamkumbuka Beki?



Ukipita Mtaa wa Msimbazi, au ukikatiza kuelekea Jangwani, siku moja kabla ya Simba na Yanga kukutana, utakuta kila kijiwe cha kahawa kimegeuka bunge. Hoja ni moja: nani atafunga. Ni nadra kusikia watu wazima wakibishana saa nzima juu ya nani atazuia. Hata jezi zinazotundikwa Mtaa wa Kongo zinasema hivyo hivyo, kwani majina mengi ya mgongoni ni ya wafungaji. Beki hutajwa akikosea. Akiifanya kazi yake vizuri kwa dakika tisini hapana cha kusimulia, maana kazi yenyewe ni kuhakikisha kwamba hakuna kilichotokea.

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya beki mmoja, Leodegar Tenga, na juu ya swali ambalo maisha yake yanatuuliza sisi wapenzi wa kandanda na hasa vijana wetu wanaoanza kuusakata mpira kwa malipo.

Wengi wenu mnakumbuka, au mmesimuliwa na baba zenu, bao la Peter Tino kule Ndola mwezi Agosti 1979. Bao lile lilitupatia sare ya 1-1 na Zambia, na kwa kuwa hapa Dar es Salaam tulikuwa tumeshinda 1-0, Taifa Stars ikakata tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Nigeria. Bao hilo linastahili kuimbwa. Lakini hebu tufanye hesabu ya upande wa pili. Katika dakika 180, Zambia ilipata bao moja tu. Kama ingepata mawili zaidi, bao la Tino lisingetupeleka Lagos. Hesabu hiyo ni ya mabeki, na haina wimbo.

Lagos tulikwenda, na nahodha wetu alikuwa Tenga, beki wa kati wa Pan African, klabu ya hapa hapa Kariakoo iliyozaliwa na mgawanyiko wa Yanga katikati ya miaka ya 1970. Tulifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, tukafungwa 2-1 na Misri, kisha tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Mabao yetu matatu yalifungwa na Juma Mkambi na Thuwein Ally, aliyepata mawili. Hatukuvuka kundi. Hata hivyo, ilitubidi tusubiri miaka 39 kabla ya kurudi katika mashindano hayo.

Katika kikosi hicho alikuwamo pia Jella Mtagwa, beki mwingine wa Pan African. Huyu taifa lilimpa heshima ambayo wafungaji wengi hawakuipata. Mwaka 1982, zilipotolewa stempu za Kombe la Dunia, sura yake iliwekwa kwenye stempu moja, na katika toleo hilo hilo alikuwamo Maradona wa Argentina. Fikiria, ndugu msikilizaji: barua inatoka Posta kwenda ng'ambo, na anayeibeba ni beki wa Kariakoo.

Ilikuwa heshima kubwa, lakini haikuwa na pensheni wala bima, kwa sababu mpira wa wakati ule ulikuwa wa ridhaa. Wachezaji wengi waliishi kwa ajira katika mashirika ya umma. Mashirika mengi yalipovunjwa au kubinafsishwa katika miaka ya 1990, ajira hizo nazo zikayeyuka. Ndiyo maana tumezoea kusoma magazetini habari za wachezaji wa zamani wanaoombewa msaada. Sisemi juu ya mtu fulani. Nasema juu ya desturi. Tunamshangilia mtu akiwa na miaka 25, tunamchangia akiwa na miaka 60.

Tenga alikuwa na kitu kingine mkononi. Ni mhandisi kwa taaluma. Alipotundika daluga hakubaki akisubiri kukumbukwa. Mwezi Desemba 2004 alichaguliwa kuongoza chama chetu cha soka, wakati ambapo FAT ilikuwa imechosha watu kwa migogoro. Chini yake FAT ikawa TFF. Mwaka 2006 akaja kocha Marcio Maximo kutoka Brazil, na mwaka 2009 Taifa Stars ikashiriki fainali za kwanza za CHAN kule Ivory Coast, ambako iliwafunga wenyeji 1-0. Mwaka 2007 alichaguliwa pia kuwa Mwenyekiti wa CECAFA. Mwaka 2013 muda wake TFF ulipokwisha, hakugombea tena. Baadaye aliongoza Baraza la Michezo la Taifa, na pia akawa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda.

Wako waliompinga, na uongozi wake ulikuwa na wakosoaji, kama ilivyo kwa kiongozi yeyote wa mpira. Lakini jambo moja halina ubishi: miguu ilipochoka, mtu alibaki na kazi ya kufanya.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Leo beki wa Kitanzania anaweza kuishi kwa mpira. Mwaka 2013 Shomari Kapombe alitoka Simba akaenda AS Cannes ya Ufaransa. Mwaka uliofuata alirejea akajiunga na Azam, kisha mwaka 2017 akarudi Msimbazi. Novatus Miroshi, anayecheza beki na kiungo, alitoka Azam akapitia Israel na Ubelgiji, na mwaka 2023 akavaa jezi ya Shakhtar Donetsk katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Timu hiyo ya Ukraine ilikuwa ikichezea mechi zake za nyumbani za ligi hiyo mjini Hamburg, Ujerumani, kwa sababu ya vita na Urusi. Kijana wetu alifika huko, na mjini hapa habari ikapita kimya kimya. Januari 2024 alipopewa kadi nyekundu katika mchezo wetu na Morocco kule Ivory Coast, kila kijiwe kikamjua. Ndiyo bahati ya beki.

Kwa hiyo kijana anayecheza namba nne au namba tano kwenye viwanja vya vumbi vya Ilala na Temeke hapaswi kutegemea kumbukumbu za mashabiki. Ategemee karatasi. Mchezaji wa kulipwa ni mwajiriwa, na mkataba wake ndio ngome yake. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji hauzidi miaka mitano, na wa mwenye umri chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Wangapi wanalijua hilo kabla ya kushika kalamu? Je, nakala ya mkataba anabaki nayo? Je, akivunjika goti, nani analipa hospitali, na mshahara unaendelea kwa muda gani? Je, michango yake ya hifadhi ya jamii inapelekwa? Maswali haya si utovu wa shukrani. Fundi anayepanga fremu Kariakoo huuliza kodi, muda na masharti kabla ya kuingiza cherehani yake. Mchezaji anaingiza mwili wake.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akionyesha kipaji, tusimwondoe darasani kana kwamba mpira na kitabu ni wake wenza. Nahodha wa Lagos alikuwa na vyote viwili.

Nimalizie kwa tarehe moja. Machi 24, 2019, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 hapa Dar es Salaam na kurudi katika Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya ile miaka 39. Bao la kwanza lilikuwa la Simon Msuva. La pili lilifungwa kwa penalti na Erasto Nyoni, la tatu kwa kichwa na Aggrey Morris. Wote wawili ni mabeki. Siku ile, walau kwa jioni moja, jiji zima liliwaimba. Tusisubiri mpaka wafunge ndipo tujue kwamba walikuwapo.