Gari la Mtumba la Kikundi: Bei ya Kununua Siyo Gharama Yote

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Vikundi vingi huanza na maziwa, mboga au kuku. Baada ya kuweka akiba miaka michache, wazo huzuka mkutanoni: "Tununue gari letu wenyewe, tuache kuwalipa watu wa gari." Wazo hilo si baya. Maziwa hayangoji, na sukuma wiki ikilala kwenye gunia haiuziki. Lakini tukumbuke akiba hiyo imetoka wapi. Ni shilingi ya mama aliyeuza mayai na ya kijana aliyelima kibarua. Kwa hivyo tusinunue kwa furaha tu. Tununue kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa gari ambalo kila mtu hapa analijua, Toyota Probox. Kampuni ilianza kuliunda mwaka 2002, na liliundwa kwa kazi, si kwa maringo. Injini zake nyingi tulizo nazo ni za lita 1.3 au 1.5. Spea zinapatikana hata katika miji midogo, na makanika wengi wanalifahamu. Hizo ni faida kubwa. Lakini gari gumu si gari lisilokufa. Mara nyingi linalonunuliwa huku limekwisha kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi, tena katika barabara mbovu.

Jambo moja huwachanganya wengi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari linaweza kufika Mombasa likiwa na miaka 7 tayari. Herufi za namba ya Kenya zinakuonyesha lilisajiliwa hapa lini. Hazikuambii lilizaliwa lini. Uliza mwaka wa kuundwa.

Kagua kabla ya kulipa

Nendeni na makanika wenu, si wa muuzaji. Mlipeni kwa siku hiyo. Pesa hizo si hasara.

1. Mwambieni muuzaji asiwashe injini kabla hamjafika. Injini ikiwa baridi haifichi ugonjwa. Moshi wa buluu unaonyesha inakula oili. Moshi mweusi ni petroli inayoungua vibaya. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto huonyesha maji yanaingia mahali pasipofaa.

2. Fungueni kifuniko cha oili. Mkiona utando kama maziwa, huenda maji na oili vimechanganyika, na gasketi ya silinda hedi imeungua. Kazi hiyo ni ghali. Mkiona oili nzito kama lami, mwenye gari hakuwa akibadilisha oili. Injini ya Probox hutumia cheni ndani, si mkanda. Cheni hudumu sana, lakini oili chafu huila.

3. Angalieni maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Msifungue ikiwa moto, itawachoma. Maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha gari limekuwa likitiliwa maji ya mtoni badala ya dawa ya rejeta.

4. Liendesheni kwenye mashimo. Sauti ya "gobo-gobo" chini ni bushi, bol-joint au shokabsoba. Kateni kona usukani ukiwa umezungushwa mpaka mwisho. Likilia "ta-ta-ta", viungo vya ekseli za mbele vimechoka.

5. Tazameni tairi. Likiwa limeliwa upande mmoja, kuna kitu kimepinda au kimelegea. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 1219 liliundwa wiki ya 12 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado limezeeka.

6. Linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zile za logibuku. Fanyeni upekuzi kwa NTSA kujua mwenyewe halisi, na kama gari limewekwa rehani kwa mkopo. Msilipe pesa zote kabla ya kuanza kubadilisha jina.

Hesabu ya kila kilomita

Sasa tufike kwenye shina la mazungumzo haya. Vikundi vingi huhesabu petroli na dereva, basi. Kinachobaki wanakiita faida, wanagawana. Hapo ndipo gari huanza kuwala.

Tuseme gari lenu linatembea kilomita 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 18,000 kwa mwaka. Bei hizi ni za mfano tu, nyinyi mtaweka za kwenu:

- Petroli: lita moja kwa shilingi 180, inakwenda kilomita 12. Shilingi 15.00 kwa kilomita.
- Dereva: shilingi 600 kwa siku. Shilingi 10.00.
- Oili na filta: shilingi 6,250 kila kilomita 5,000. Shilingi 1.25.
- Tairi nne: shilingi 28,000, zinadumu kilomita 40,000. Senti 70.
- Bima: shilingi 13,500 kwa mwaka. Senti 75.
- Breki, bushi, betri, klachi na mengineyo: shilingi 3.00.
- Gari kuzeeka: limenunuliwa 600,000, baada ya kilomita 90,000 linauzwa 330,000. Limepoteza 270,000. Shilingi 3.00.

Jumla ni shilingi 33.70 kwa kilomita, yaani shilingi 2,022 kwa siku.

Sasa tazameni. Gari limeingiza shilingi 2,300. Mkitoa petroli 900 na dereva 600, mnabaki na 800. Mwanachama mmoja anasema, "Leo tumepata mia nane!" Hapana. Katika hizo 800, shilingi 522 ni za gari lenyewe. Faida yenu ni 278. Mkigawana 800 kila siku, mnakula tairi, mnakula klachi, mnakula hata gari la kesho. Siku klachi ikiisha, mtaitisha harambee ya kutengeneza gari mliloambiwa linaleta faida.

Kwa hivyo tunapendekeza sheria moja. Gari likirudi jioni, mwekahazina atoe pesa za gari kwanza na kuziweka akaunti yake peke yake. Kwa mfano wetu ni shilingi 13,050 kwa mwezi. Pesa hizo hazikopeshwi, hata kwa matanga.

Gari la wote liwe na mwangalizi

Kitu cha wote mara nyingi hukosa mtu wa kukiangalia. Mchagueni mmoja wa kupima oili na maji kila asubuhi na kuandika kilomita kwenye daftari. Dereva akisikia sauti mpya, aseme siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: pedi za breki zikiachwa zikaisha, chuma hula diski, na gharama huongezeka.

Tena, msikubali gari la bima ya kibinafsi libebe abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kukataa, na deni likawarudia nyinyi.

Baadhi ya vikundi vitapiga hesabu hii na kuona kukodi gari siku za soko ni nafuu. Msione haya. Kikundi kilichokataa gari kwa hesabu kimelinda akiba ya watu wake.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Gari letu litatembea kilomita ngapi kwa siku, na siku ngapi litalala bila kazi?
2. Tukimaliza kununua, tutabaki na akiba ya kutosha matengenezo ya miezi mitatu ya kwanza?
3. Nani atashika daftari la gari, na nani atalikagua?
4. Kwa mwaka mmoja, tunalipa kiasi gani kukodi? Je, ni zaidi ya gharama ya kumiliki?

Kalamu na karatasi zitangulie, gari lifuate.