Tete la Mweru na Usiku wa Arusi: Mada Kuhusu Kumkumbuka Maulana Rumi Nchelenge



Kila tarehe 17 Desemba mji wa Konya, Uturuki, hujaa wageni. Huja kumkumbuka Maulana Jalaluddin Rumi, mshairi wa Kiajemi aliyefariki siku hiyo mwaka 1273. Wenyewe huiita usiku wa arusi, na neno ni lilelile letu, maana sote tumelichota kwenye Kiarabu. Sababu ya jina ni hii: mpenzi wa Mungu akifa, amekwenda kwa mpenzi wake. Mtu wa Lamu, aliyezoea hauli, yaani kumbukumbu za kila mwaka, za masharifu, angeielewa mara moja.

Ninaomba siku hii iadhimishwe hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, na ianzie kwenye matete.

Masnavi, utungo wake mkubwa wa majuzuu 6, hufunguliwa na kilio cha filimbi ya tete. Imekatwa ikatengwa na wenzake, na tangu hapo inatamani kurudi. Mtu wa Kashikishi, hapa wilayani kwetu, hahitaji kuelezwa tete ni nini. Kibemba husema amatete, Kiswahili matete. Yeye huyakata kwa panga, maji yamefika magotini, akayafunga mzigo kwa ajili ya uzio au kibanda cha mvuvi. Lipasue moja: ndani ni wazi, lakini kila fundo lina kizibo chake. Mafundi wa Konya huchagua lenye pingili 9, huzibua mafundo yote, kisha hutoboa matundu 7 kwa chuma cha moto, 6 mbele na 1 nyuma. Lisipozibuliwa, pumzi haipiti.

Sasa, kutoka kwa tete lililotengwa na wenzake, twende kwa watu waliotengwa na kwao, Mantapala. Tangu 2018 makazi hayo ya wilayani kwetu yamewapokea ndugu waliokimbia vita Kongo. Wengi wao ni watu wa Kiswahili. Rumi naye aliondoka kwao mashariki, pande za Balkh, akiwa mtoto. Familia ikahama nchi hadi nchi mpaka Konya, na huko ndiko alikozikwa. Sikubaliani kabisa na wanaomfanya mshairi wa mapenzi matamu tu, huku wakimvua Uislamu wake. Alikuwa mwanachuoni na mhubiri, na kilio cha lile tete ni cha kutengwa na Mola wake. Aliyeacha nyumba na makaburi ya wazee wake ng'ambo ya ziwa atakisikia kilio hicho upesi kuliko sisi tuliolala kwetu.

Tena siku hiyo huja wakati mwafaka: Desemba uvuvi umefungwa, hadi mwisho wa Februari. Nyavu zimeanikwa, watu wana jioni zao. Napendekeza beti 18 za mwanzo wa Masnavi, ambazo mapokeo yanasema Rumi aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, zifasiriwe kwa Kiswahili na Kibemba, na wasomaji wa kwanza wawe wakazi wa Mantapala. Filimbi itengenezwe kwa tete la hapahapa. Likatwe mapema, mvua hazijaanza, lipate kukauka.