Nyumba ya Mzee Haiishii Kwenye Bati

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI:
Leo tunazungumza juu ya wazee wetu, na juu ya wenye ulemavu wasio na mtu wa kuwashika mkono. Mtu kama huyo ajengewe nyumba ya namna gani? Na miaka inayofuata, nani ataitunza nyumba hiyo na mwenye nyumba mwenyewe, wakati sisi majirani pesa hatuna?

Nitaanza na bibi yangu, mzaa mama. Tulikimbia pamoja, lakini njiani tulipotezana, akaandikishwa siku nyingine. Sisi tulipewa kiwanja bloku moja, yeye akapewa bloku nyingine, mwendo wa nusu saa. Mradi mmoja ulimjengea nyumba. Kazi ilichukua wiki moja: kuta za matofali ya udongo, bati jipya, mlango wa mbao. Watu walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Bibi alifurahi, na sisi tulifurahi.

Lakini kizingiti cha ule mlango kilimfika karibu na goti. Choo kilikuwa ng'ambo ya mtaro. Bibi akaanza kuacha kunywa maji jioni, ili asilazimike kutoka usiku. Hakutuambia. Sisi tulimwona anakauka, tukasema ni uzee. Masika ya pili maji yakala ukuta upande wa chini. Nilikwenda kuuliza nani atautengeneza, nikajibiwa kwamba mradi umefungwa. Asubuhi moja bibi alijikwaa kwenye kile kizingiti, akavunjika nyonga. Hakutembea tena mpaka alipotutoka.

Ndugu zangu, kile kizingiti kingesawazishwa kwa mawe na udongo, kazi ya nusu siku. Fundi hakufanya. Mradi haukufanya. Na mimi mjukuu wake, niliyekiruka kile kizingiti kila Jumapili nikienda kumsalimia, sikufanya.

(Muziki mfupi.)

Ndiyo maana leo nasema: nyumba ya mzee haiishii kwenye bati. Inahitaji mambo matatu: mahali, umbo na mikono.

Kwanza mahali. Msiwatenge wazee pembeni ya kambi na kupaita kijiji cha wazee. Mzee akae katikati ya familia, mahali ambapo mtoto akipita atamwamkia, na asipoitikia mtoto atakimbia kuita watu. Nyumba mbili au tatu za wasiojiweza zikiwa karibu, huku zimezungukwa na familia zenye nguvu, mtu mmoja akienda kisimani anachotea wote. Lakini msizibane. Acheni angalau mita 2 kati ya nyumba na nyumba, moto usiruke.

Choo nacho kisiwe mbali. Kanuni za misaada zinasema kisizidi mita 50 kutoka nyumbani. Kwa mtu anayetembelea fimbo, hata 50 ni nyingi, kwa hiyo kikiweza kuwa karibu zaidi, kiwe. Angalieni tu shimo lisikaribie kisima. Wekeni mita 30 au zaidi katikati.

Pili umbo. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite. Mahali pa ngazi, wekeni mteremko. Hesabu yake ni rahisi: kwa kila sentimita 10 za kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 120. Ukiwa mfupi zaidi ya hapo, kiti kinarudi nyuma na mtu wake. Ndani ya choo simikeni mti imara wa kushika, na tengenezeni kikalio cha mbao au cha tofali kwa asiyeweza kuchuchumaa. Kwa asiyeona vizuri, fungeni kamba kutoka mlangoni kwake mpaka chooni, aifuate kwa mkono. Paa litokeze mbele ya ukuta, msingi uinuliwe kwa mawe, na mfereji uchimbwe kuzunguka nyumba, ili mvua isile tofali. Vingi kati ya hivi havinunuliwi dukani. Vinataka mtu wa kuvikumbuka kabla fundi hajaanza.

Tatu ni mikono, na hapa ndipo tunaposhindwa. Ujenzi ni siku chache, lakini mzee anaishi miaka.

Tazameni Kalobeyei. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 2016 katika kaunti ya Turkana, kilomita chache kutoka Kakuma. Familia nyingi zilianzia chini ya turubai. Baadaye, kwa nyumba za kudumu, ukaja mpango wa kuwawekea wakimbizi pesa benki kwa awamu, kadiri ujenzi unavyosonga mbele, na wao wenyewe kutafuta mafundi. Ni jambo zuri. Anayelala ndani ya nyumba ndiye anayejua anataka nini. Lakini fikirini mzee wa miaka 80, peke yake, aliyepewa pesa hizo. Nani atamsimamia fundi? Nani atahesabu mifuko ya saruji? Mwenye nguvu anafaidika na mpango kama huo, na mnyonge anaweza kuibiwa mchana kweupe.

Kwa hiyo mnyonge asiingie mkataba peke yake. Majirani watano au sita waungane naye wawe kundi moja. Wazungumze na fundi mmoja kwa nyumba zote, wanunue mabati na misumari kwa pamoja, bei ishuke. Kufyatua matofali, kuteka maji na kukandika kuta iwe kazi ya kusaidiana. Waliotoka Kongo wanaijua salongo, Warundi wanaijua ikibiri, Wakenya wana harambee. Hatukuyaacha mpakani mambo hayo.

Halafu msimalize malipo siku bati linapopigiliwa. Kwenye majengo makubwa mijini, mwenye kazi hubakiza sehemu ya pesa ya mjenzi, mara nyingi asilimia 5 mpaka 10, kwa miezi kadhaa, na akiona kasoro mjenzi hurudi kurekebisha. Nasi tufanye hivyo. Fundi abakiziwe kidogo mpaka masika yapite. Paa likivuja, arudi. Lisipovuja, apewe pesa yake siku hiyo hiyo bila kuzungushwa. Fundi anayelipwa kwa haki atakubali nyumba ya pili na ya tatu, na mwaka ujao atakuwa bado anawajua wazee wenu. Andikeni makubaliano hayo kwenye karatasi, kiongozi wa bloku ashuhudie. Na ulizeni kwanza ofisi ya kambi, maana kuna nchi zinazoruhusu nyumba za kudumu na kuna zinazotaka nyumba za muda tu.

Karatasi hiyo hiyo iandike pia zamu: nani anateka maji Jumatatu, nani anampeleka mzee zahanati, nani anakagua ukuta kila mvua ikiisha. Kadi ya posho ibaki kwa mwenyewe. Anayemchukulia chakula aende na mwenzake, na wakabidhi mbele ya mzee. Wako waliojifanya wasaidizi wakala posho ya wasioona. Tusifiche hilo.

Na mzee aulizwe. Tungemuuliza bibi yangu swali moja tu, “Bibi, usiku unatokaje?”, tungejua yote.

Basi leo jioni, kabla ya giza, nenda kwa mzee aliye karibu nawe. Simama mlangoni pake. Tazama kizingiti, pima njia ya choo kwa hatua zako, kisha muulize swali hilo. Kesho beba jembe.

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI
1. Katika bloku yetu, ni nani anayeishi peke yake na hawezi kuteka maji?
2. Nyumba yake ilijengwa na nani, na ikiharibika leo, nani atarudi?
3. Ni kitu gani kimoja tunachoweza kurekebisha kwake wiki hii bila pesa?

MTANGAZAJI:
Wasalimieni wazee.