Stesheni Zipangwe Kabla Reli Haijatandikwa



Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye tawi la kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, imezungumzwa miaka mingi. Kila ikitajwa tunauliza itaanza lini. Leo naomba tuulize itasimama wapi.

Wenye mizigo ya chuma na makaa watataka vituo vichache, na wana hoja. Treni nzito huanza kupunguza mwendo mbali kabla ya stesheni, na ikiondoka huchukua muda kurudia kasi yake. Kila kituo kinakula dakika za safari nzima.

Lakini kituo kilichosahaulika mwanzoni hakiongezwi kirahisi. Stesheni inataka mahali tambarare na palipo wazi, reli ya pili ya kupishania treni, barabara ya kuifikia na ardhi ya maghala. Njia ikishachongwa kwenye kona au mteremko, kuongeza kituo hapo baadaye ni kujenga upya kipande kizima huku treni zikiendelea kupita. Nairobi waliweza kuongeza stesheni ya Imara Daima kwenye njia ya treni za mjini, lakini hizo ni treni za abiria wa safari fupi. Kwa njia ya mizigo mizito, gharama ni nyingine.

Kusini tumeshaona reli iliyojengwa kwa zao moja. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, waliweka reli ya kwenda Nachingwea, kisha ikaunganishwa na bandari ya Mtwara, na baadaye tawi likafika Masasi. Mradi wenyewe ulivunjwa mwaka 1951. Reli iliyotegemea karanga ikakosa mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Reli isiyobeba maisha ya watu wanaoishi kandokando yake haina wa kuitetea siku mzigo mkubwa unapokwisha.

Sasa tazameni reli ya TAZARA. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, lakini wakulima wa Mlimba hadi Makambako waliifanya yao. Walikuwa na treni yao fupi waliyoiita Kipisi, ikisimama vituo vidogo kupakia mpunga, ndizi na wafanyabiashara wadogo. Palipotokea mipango ya kupunguza stesheni, watu wa vijiji vile walipaza sauti kupinga, kwa sababu riziki yao ilipita pale.

Na mwendo wa kasi haulazimishi kuwaacha watu njiani. Kwenye reli ya Mombasa hadi Nairobi, Wakenya wana treni inayokwenda moja kwa moja, na nyingine inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Reli ni moja, ratiba ni mbili. Hilo linawezekana tu kwa kuwa stesheni hizo zipo.

Sisi wa Mkunya na Newala tuko juu ya uwanda. Treni nzito haipandi mlima kama lori, kwa hiyo yamkini njia itapita bondeni. Basi tusidai stesheni mlangoni petu. Tudai kituo cha bondeni kilicho karibu nasi, chenye barabara ya lami ya kushuka kutoka uwandani, na ghala la kupokea korosho zikishanunuliwa mnadani. Kama fedha za jengo hazitoshi sasa, mahali pachongwe tambarare na ardhi itengwe, ili siku ya kujenga isihitaji kuvunja njia.

Wenyeviti wa vijiji, madiwani na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), andikeni maombi haya sasa: tani ngapi za korosho zinashuka kila msimu, abiria wanatoka vijiji gani, na barabara zipi zinafika bondeni. Wapelekeeni wabunge wetu na Shirika la Reli. Mhandisi anaweza kusogeza kituo kilicho kwenye karatasi kwa siku moja. Akishamwaga zege, watoto wetu ndio watakaolipa gharama ya ukimya wetu.

Hayo ni maoni yangu.