Kwa Nini Ndugu Yetu Anaswali Amekaa



Ndugu zangu wa Dundori, wazazi na vijana. Niliombwa nizungumze juu ya afya, na najua mlitarajia habari za sambusa na sukari wakati wa futari. Hizo mtazisikia kwa wengine. Mimi nina jambo la kijana wetu anayeswali tarawehe kwenye kiti. Mnamjua. Miaka mitatu nyuma alikuwa akituacha sote mbioni. Sasa watu wananong'ona: kijana mbichi, mbona anakaa na wazee? Wengine wanasema ni uvivu, wengine ati amerogwa. Nami nilinong'ona, Allah anisamehe, mpaka nilipofika somo la seli chuoni.

Hebu anza na miguu yako mwenyewe. Ukishuka hizi teremko zetu na gunia la viazi mgongoni, kesho yake mapaja yanauma kuliko siku uliyopanda, si ndio? Unaposhuka, msuli hukaza huku unavutwa urefuke, na hapo seli zake huchanika. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwakimbiza panya kwenye mteremko, wakakuta seli nyingi za misuli yao zimetoboka utando wa nje.

Utando huo ni mwembamba mno. Ukipanga 100,000 juu kwa juu, hazizidi milimita 1. Ukitoboka na kuachwa hivyo, seli hufa. Lakini kwa kawaida tundu huzibwa ndani ya sekunde chache, au dakika moja hivi. Nani anayeiambia seli kwamba imechanika? Ni kalsiamu. Nje ya seli iko kama mara 10,000 kuliko ndani. Penye tundu inaingia kwa kasi, na kuingia kwake ndiyo kengele. Vifuko vidogo vilivyomo ndani hukimbilia pale, vikaungana na utando, vikawa kiraka. Mwaka 1994 jambo hili lilionyeshwa kwenye mayai ya kiumbe wa baharini, yule mwenye miiba. Tundu dogo sana wakati mwingine halitiwi kiraka. Seli huikata sehemu iliyoharibika na kuitupa nje.

Fundi wa tairi hapo barabarani hufanya kazi kama hiyo, ila yeye anataka pesa kwanza!

Sasa, miongoni mwa magonjwa ya misuli ya kurithi upo mmoja ambao protini inayoitwa disfelini inakosekana. Mwaka 2003 watafiti wa Iowa walionyesha kwamba bila hiyo, vifuko hufika kwenye jeraha lakini kiraka hakishiki. Mtoto huzaliwa mzima, hucheza mpira, na wengi huwa hodari kabisa. Halafu kati ya miaka 15 na 25 hivi anashindwa kusimama kwa ncha za vidole, kisha ngazi zinamshinda, kisha kuinuka kutoka kwenye sijda. Seli zilizokuwa zikichanika kila siku bila kuzibwa zimekufa, na mafuta yamechukua nafasi yake. Hadi leo haujapatikana uponyaji wake. Kujikaza kwa mazoezi mazito, kama tulivyokuwa tukimshauri sisi wajuzi wa barazani, kunaongeza majeraha.

Wazazi, hapa nawaomba msinikasirikie. Ugonjwa huu unahitaji nakala mbili mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama, nao wenyewe wakiwa wazima kabisa. Binamu wakioana, uwezekano huo unapanda. Sisemi ni haramu, siwezi kusema hivyo. Nasema kama kuna aliyedhoofika misuli katika ukoo, muulizeni daktari kabla ya posa.

Na kijana akianza kuanguka-anguka, apelekwe hospitali apimwe damu. Seli zinazovuja humwaga kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, nacho huonekana wazi kwenye kipimo.

Kuhusu kiti, sheria yetu imemruhusu asiyeweza kusimama aswali amekaa. Hilo tulifundishwa madrasa tukiwa wadogo. Jana usiku kiti chake kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, karibu na viatu. Leo nitakileta kwenye safu yangu.