Hospitali za Misheni Zikiungana



Mnauliza: hospitali zikiungana, Lugulu itabaki ya Marafiki? Misikhu itabaki ya Wakatoliki? Mna haki kuuliza. Tangu 1986 Wakatoliki na Waprotestanti wananunua dawa pamoja kupitia MEDS, na kila mmoja amebaki na dhehebu lake. Lakini stoo ya dawa ni rahisi kuunganisha. Ugumu, niseme wazi, uko wadi ya kujifungulia. Hospitali ya Kikatoliki haifungi kizazi. Madhehebu mengine hukubali. Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi. Na mama aelezwe mapema kliniki, aonyeshwe pia hospitali nyingine ya kwenda, asije akaambiwa usiku akiwa na uchungu.